Kinyozi Aliyejipangia Dawa

Mke wa kinyozi alifika dukani na chakula cha mchana, akakuta viti vimetolewa nje. Mumewe, shati limelowa jasho, alikuwa anawagawia wapita njia mashine za kunyolea. Anacheka, anaongea bila kupumua. Usingizi alikuwa ameupa kisogo tangu wiki iliyopita.

Mke akajua ugonjwa wa mumewe umerudi. Ugonjwa ule, ambao hospitali wanauita baipola, humpandisha mtu hadi akajiona mfalme, kisha humshusha hadi akachoka kuishi. Dawa zilikuwa zimemtuliza mumewe kwa miaka. Akavuta droo ya nyembe, ambamo mumewe huweka dawa zake. Vidonge vilikuwa vimejaa tele.

"Kumbe humezi?"

"Nameza siku duka likifungwa. Siku za kazi zikinitetemesha mkono, si nitamkata mtu koo?"

Damu ikamchemka mama wa watu. Yaani mtu amejipangia dawa kama anavyopanga zamu za dukani, na nyumbani hasemi kitu! Akafunga duka, akamkokota hadi kliniki.

Kinyozi alirudishiwa dawa. Kichwa kilipotulia, wakaenda tena kumwona muuguzi wa pale kliniki.

"Kwa nini hukutuambia habari za mkono?" muuguzi aliuliza.

Sasa kinyozi naye akawaka. "Kila nikija mnaniuliza kama nameza. Nani aliwahi kuniuliza zinanifanya nini? Mimi nakula kwa mkono huu."

Muuguzi akaweka faili chini. "Hapo tumekosea, kaka. Dawa hizi zikitumika muda mrefu zinaweza kuleta mtetemo, unene, sukari kupanda, hata mdomo kuchezacheza wenyewe. Ni kazi yetu kukupima kila mara. Lakini ukiziacha kienyeji, ugonjwa unarudi kwa kishindo. Wewe sema, daktari atapunguza polepole au atabadilisha."

"Na mimi je?" mke akadakia. "Mimi ninayekesha naye, nani alinieleza hayo?"

"Hakuna," muuguzi akakiri, akamvutia kiti. "Kaa, dada. Tuanze leo."

Daktari alimbadilishia dawa taratibu. Tangu hapo kinyozi akawa anameza kila siku, kazi iwepo isiwepo. Miezi ikapita, mkono ukatulia.

Duka likafunguliwa tena. Wateja walichungulia, wakapita zao, bado wanamwogopa. Mke akaingia, akavua kitambaa cha kichwani, akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe. Kwa wembe."

"Bado umenikasirikia?"

"Sana," akasema, akainamisha shingo.