"Ni Kuziba Tu"

Hamisa alikuwa fundi cherehani mjini Makambako. Mitumba ilipoanza kumiminika nchini, mafundi wengi walilia. Nani atashonesha gauni jipya, na magauni yamerundikwa chini sokoni? Hamisa hakulia. Alinunua makoti makubwa ya mitumba, akayapunguza, akayapeleka Njombe. Baridi ya Njombe haina mchezo, kwa hiyo makoti yalitoka upesi.

"Utawavisha Wabena wote wa Njombe wewe!" mumewe Awadhi alimtania. Awadhi alikuwa dereva wa lori.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma, hasa asubuhi. Hamisa alimeza dawa za maumivu na kuendelea na kazi. Jicho la kulia likaingia ukungu. Siku moja alishona mfuko wa koti mgongoni. Awadhi aliuona mfuko ule, na safari hii hakutania.

Walikwenda hospitali ya Ilembula. Kutoka hapo walipelekwa Dar es Salaam, na huko Hamisa alipigwa picha ya kichwa. Alikuwa na uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo.

"Hauonekani kuwa saratani," daktari alisema. "Lakini unakua, nao unausukuma ubongo. Lazima utolewe."

Upasuaji wenyewe ungefanyika India. Ndugu na wafanyabiashara wa Makambako walichanga. Abdulsalam, kaka yake Awadhi, alikuwa akienda India kununua bidhaa na alijua Kiingereza. Alikubali kufuatana na Hamisa.

Jioni moja kabla ya safari, jirani yao Telesia alikuja kuwaona. Telesia alikuwa muuguzi mstaafu. Siku hizi alilima kinyungu, yaani bustani ya bondeni, na Hamisa alikuwa na matuta mawili ya kabichi pembeni yake.

"Kamwene, Mama Mudy," alimsalimia Hamisa kwa Kibena. "Umeshindaje na kichwa?"

"Shikamoo, mama. Kipo tu. Naogopa kupasuliwa."

"Nimemwambia asiogope," Awadhi aliingilia. "Kule huenda wakaanza kwa kuziba mishipa inayolisha uvimbe. Ukikosa damu, daktari anautoa bila damu nyingi kumwagika. Na hiyo ya kuziba haina shida. Ni kuziba tu, kama pancha!"

Telesia alicheka, kisha akatulia. "Baba Mudy, pancha ni tundu moja. Mishipa ya damu ni kama mifereji ya kule bondeni. Mama Mudy, ule mfereji wako nikiuziba, kabichi za nani zitakauka?"

"Zangu. Na za Kristina wa tuta la chini pia, maana anachukulia maji hapo hapo."

"Na udongo wa kuzibia ukichukuliwa na maji?"

"Utaziba kwa mwingine huko chini."

"Basi umeelewa. Daktari hupitisha mpira mwembamba sana ndani ya mshipa, kutoka kwenye paja mpaka kichwani. Halafu huachia chembe ndogo za kuzibia. Kwa wagonjwa wengine inasaidia sana. Lakini chembe zikipotea njia, au mshipa ukiwa unalisha na sehemu isiyo na ugonjwa, mtu anaweza kupata kiharusi. Uso unaweza kupooza. Jicho linaweza kufa. Tena uvimbe wenyewe unaweza kuvimba zaidi au kuvuja damu."

Hamisa alishika jicho lake. Fundi asiyeona atashona nini?

"Kwa hiyo nikatae?" aliuliza.

"Sijasema ukatae. Mimi si daktari wa kichwa, sijui mishipa yako imekaaje. Uliza. Mshipa huo unalisha nini kingine? Wasipoziba, itakuwaje? Na ukizibwa, ukaona giza, au mkono umelegea, au kichwa kinauma kuliko mwanzo, mwite muuguzi saa hiyo hiyo. Usijikaze."

Kule India, daktari alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Alieleza jinsi wangeziba mishipa kwanza, Abdulsalam akatafsiri. Alipofika mwisho, Abdulsalam alisema, "Shemeji, weka sahihi. Wanajua kazi yao."

Hamisa aliona aibu kumchelewesha mtu mkubwa. Lakini alikumbuka kabichi za Kristina.

"Shemeji, muulize kwanza. Mshipa huo unalisha nini kingine?"

Abdulsalam alisita, kisha akauliza. Daktari akavuta kiti, akakaa.

"Swali zuri," alisema. "Kesho tutaipiga picha mishipa yenyewe. Sitaziba chochote kabla sijakujibu."

Kesho yake alirudi na picha. Alionyesha kwa kidole. Mshipa mkubwa wa uvimbe ulikuwa umetoa tawi jembamba lililokwenda kwenye jicho la kulia.

"Naweza kujaribu kuziba," alisema. "Lakini jicho hilo linaweza kupofuka kabisa. Uvimbe wako naweza kuufikia bila kuziba. Utatoka damu zaidi, kwa hiyo tutaweka damu ya kukuongezea tayari. Kila njia ina hatari yake. Unaonaje?"

"Msizibe," Hamisa alisema. Alijua anachokichagua.

Upasuaji ulichukua muda mrefu. Aliongezewa damu, kama alivyoambiwa. Alipozinduka, kila kitu kilikuwa na ukungu, naye akalia kwa hofu. Ukungu ulipungua polepole, siku baada ya siku. Asubuhi moja alifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Kwa lile la kulia akamwona Abdulsalam amesinzia kitini, mdomo wazi. Hamisa alicheka hadi machozi yakamtoka. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akawashukuru watu wote waliochanga.

Aliporudi Makambako, baridi ilikuwa imepamba moto. Awadhi alimletea koti zuri la sufu lililotoboka kiwikoni. "Hili ni kuziba t..." alianza, kisha akajishika mdomo. "Hapana. Angalia kwanza ndani kuna nini."

Hamisa aliangalia, akalitengeneza, akaweka na vifungo vipya. Siku ya tatu alimpelekea Telesia.

"Mwanangu, koti lote hili?" Telesia alisema, akijitazama huku na huku. "Mimi nilikupa swali tu."

Hamisa alimfunga kifungo cha shingoni, akamtazama kwa macho yake yote mawili.

"Swali lako, mama, ndilo jicho langu hili."