Karatasi Sita Nyeupe

Nawasimulieni habari ya nyumba moja, na atakayeitambua naomba asiitaje, kwa maana waliokaa humo wamekwisha kusemwa vya kutosha.

Ilikuwa nyumba ya amani. Alikuwamo baba mjane, binti yake, na mjukuu wa miezi minne ambaye hajaota hata jino lakini alikwisha kuwatawala wote wawili. Mume wa binti alifanya kazi mji mwingine. Kila asubuhi binti alimwogesha mtoto uani katika beseni, na babu, viatu mkononi, alisimama kumtekenya nyayo mpaka akachelewa kazini.

Majirani walimwita Bwana Hewa kwa sababu ya kazi yake. Juu ya paa la ofisi ya hali ya hewa palikuwa na kibanda cha bati, na ndani yake pampu iliyovuta hewa mchana kutwa na usiku kucha, ikiipitisha kwenye karatasi nyeupe ya chujio yenye upana wa sahani. Ilimpasa kila siku apande vidato themanini na vinne vya ngazi, aitoe karatasi ya jana kwa kibano, aweke mpya, kisha ile ya jana aitie kwenye bahasha yenye tarehe na kuiteremsha chini, aipime kwa mashine kama ina mionzi. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo jibu lilikuwa moja: hakuna kitu.

"Wenzako wanalipwa kwa kutoka jasho," kinyozi wa mtaani alimtania, "wewe unalipwa kwa kuvuta pumzi!"

Naye alicheka, maana hata yeye alikwisha kuona hivyo.

Basi goti likaanza kumsumbua, na uvivu ukapata pa kuingilia. Akaanza kupanda Jumatatu tu. Aliweka juu karatasi moja ya wiki nzima, halafu akachukua sita mpya kutoka kwenye boksi, akazitia kwenye bahasha na kuziandikia tarehe za siku zilizobaki. Kila siku alipeleka moja mashineni. Sasa niambieni, karatasi ambayo haijawahi kuonja upepo, mashine itaikuta na nini? Mwaka mzima ukapita hivyo, na hakuna aliyeuliza.

Jumatano moja ya msimu wa mvua zikaja habari kwamba mtambo wa nyuklia umelipuka katika nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari na milima, na vumbi lake linasafiri na upepo. Mkuu wa ofisi akamwita.

"Bwana Hewa, karatasi zinabadilishwa kila siku?"

"Kila siku, mkuu."

Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi. Alitaka kupanda, nataka mjue hilo. Lakini akiwa na mguu kwenye kidato cha kwanza alikumbuka kwamba karatasi ya juu ilikuwa ya siku tatu na imekwisha kuwa nyeusi kwa moshi wa magari. Akiiteremsha leo ataonekana. Akaushusha mguu, akarudi kwenye meza yake, na akaipima karatasi nyeupe kama kawaida. Jioni redio ikatangaza kwamba hewa ya mji ni safi.

Ijumaa mvua ikanyesha kwa nguvu. Mabomba yalikuwa makavu siku ya nne, na binti alikuwa amelisogeza pipa chini ya bati.

"Baba, na hili vumbi wanalolisema? Nikinge maji kweli?"

"Mwanangu, redio inasema niliyoiambia mimi. Kinga."

"Hata ya kumkorogea mtoto maziwa?"

Hapo alikuwa na nafasi ya mwisho, ndugu zangu. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kugonga pipa.

"Hata ya mtoto," akasema.

Jumatatu akaja mtaalamu kutoka makao makuu, mwanamke mpole aliyevaa glavu. Aliomba karatasi za wiki nzima, akazipanga mezani. Sita zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka kiwandani. Ya saba, iliyokuwa imeteremshwa asubuhi ile, ilikuwa nyeusi.

"Baba yangu," alisema taratibu, "kwa moshi wa mji huu, karatasi ya siku moja hugeuka rangi ya majivu. Hizi sita hazijapanda juu."

Bwana Hewa aliangalia vidole vyake. Mtaalamu akaipima ile nyeusi mchana kutwa, na ilipofika alasiri akavua miwani.

"Kuna kitu humu."

"Kingi?"

"Kikitandazwa kwa siku saba, ni kidogo. Hakiwezi kumtisha mtu. Lakini kama kilishuka chote kwa saa moja, tuseme wakati wa mvua, hayo ni mengine."

"Kilishuka lini?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

Alitoka mbio na goti lake bovu mpaka nyumbani. Binti alikuwa anaanua nguo za mtoto.

"Yale maji ya Ijumaa yamebaki?"

"Yaliisha jana. Maji ya bomba yametoka, nimeshalisugua na pipa. Mbona unahema hivyo?"

Alikwenda kuchungulia ndani ya pipa. Binti akaishusha nguo aliyoishika.

"Baba. Siku ile uliponiambia nikinge, ulipanda juu?"

"Sikupanda, mama."

Laiti binti angepiga kelele! Alimwinua mtoto mkekani, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Kesho yake alifunga mizigo akaenda kwa mumewe, na wiki ileile Bwana Hewa akaachishwa kazi.

Mtoto yule sasa ana miaka saba. Anakimbia, anasoma, na madaktari hawajamkuta na lolote. Mtasema, basi mzee si ashukuru Mungu? Anashukuru. Lakini mtoto akipata homa, hata ya mafua tu, binti humpigia simu baba yake.

"Ana homa," husema, kisha hunyamaza.

Hamlaumu, na hamwambii lolote zaidi. Siku moja alisema, "Ameota kivimbe shingoni," na mzee akakaa kitini na simu mapajani siku mbili, bila kula, mpaka alipoambiwa kimenywea.

FUNZO

Mzazi, mfanyakazi, na wewe unayesoma huku umeegemea kazi ya mwenzio: "hakuna kitu" ni jibu zuri ikiwa tu mtu amekwenda kuangalia. Usiandike usichokiona. Siku ya hatari watu wako watakuamini wewe, kwa kuwa hawana mwingine wa kumwamini, na ukiwadanganya utakuwa umewanyima hata kujua walichokunywa. Na ukiwa umekosa, sema mapema. Aibu ya kukiri siku ile ya Jumatano ingemwisha Bwana Hewa kwa mwezi mmoja. Hii ya sasa humrudia kila mtoto anapokohoa.