Iliyoingia Bila Laini

Apenisa alikuwa akifunga kibanda chake cha kutengeneza simu sokoni katika mji wa Labasa, jua likizama nyuma ya miwa, alipofika Litiana, mdogo wa marehemu mama yake. Simu ameiviringisha kwenye kitambaa, kaishika mbali na mwili.

Akaeleza kwamba imejaa. Kila akifuta programu moja, zinajiweka mbili. Na humo ndimo ilimokuwa sauti ya Vilimaina, bintiye aliyezama mtoni mwaka jana. Ujumbe wake wa mwisho. Sasa simu inataka kuufuta ipate nafasi.

Apenisa akabetua mdomo. Watu hawa! Wanabonyeza kila king'aacho, kisha waje kumlilia yeye.

"Nani kaichezea?"

Litiana akanong'ona. "Mgeni mmoja, kituo cha basi. Aliniomba apige mara moja. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, mwanangu. Na mvua haikunyesha."

"Mama mdogo, mchawi gani huyo anayehitaji kuomba simu?"

Akafungua duka la programu, akazima zile zinazojisasisha zenyewe. Akazuia programu kuingia kupitia jumbe na tovuti. Akaweka nywila: kitu kisiingie bila kuulizwa. Kazi ya dakika tano, ambayo hata mtoto angeifanya, alimwambia, kama angekuwa na akili ya kusoma kabla ya kubonyeza. Kisha, kwa kumkomoa, akachomoa laini na kuzima mtandao.

"Haya. Na aingie sasa huyo mgeni wako."

Akaiweka simu mezani.

Kisha simu ikatetemeka.

Alama nyeusi ya programu isiyo na jina ikaanza kujipakua. Robo... nusu... Harufu ya tope la mtoni ikapanda kutoka mezani.

Maandishi yakatokea: *Nafasi imejaa. Nikae wapi?*

Chini yake, majina mawili. Litiana. Apenisa.

Litiana akamshika mkono, akamsihi asijibu, wakaitupe baharini, sauti ya mwanawe ipotee ikibidi. Apenisa akaunyanyua ule mkono kama mtu anayetoa kunguni shatini. Mhuni fulani kaandika mzaha, na huyu mama yu tayari kumzika mtoto mara ya pili!

Akabonyeza jina lake mwenyewe.

Alama ikatoweka. Simu ikawa nyepesi, nafasi tele. Apenisa akaucheza ujumbe, Vilimaina akasikika akicheka, akiuliza kama samaki wa nazi wamebaki. Litiana akalia. Lakini alipoichukua simu yake, alirudi kinyumenyume, asimpe mpwawe mgongo.

Jioni ile Apenisa aliletewa magimbi na mkewe, Salaseini. Tonge la kwanza likakwama. Alikuwa ameshiba. Kesho yake pia, na kesho kutwa. Hospitalini wakampiga picha, wakasema tumbo ni tupu kabisa.

Siku ya sita akasahau namba za kufuli la kibanda. Ya nane, sura ya mama yake. Akajisemea ni njaa, na kumcheka Litiana aliyetuma watu wamwombee. Mdharau mwiba, wanasema, mguu huota tende.

Siku ya kumi, alfajiri, alitaka kumwita mkewe ampe maji. Jina halikuja. Mahali pake ulimini lilikaa neno jingine, refu, lenye ladha ya tope. Akalitamka.

Salaseini, aliyekuwa kando yake, hakulijua.

Nje ya mlango, palipolowa bila mvua, mtu akaitika.