Sauti Aliyoiazima Bi Mwanasiti

"Mwanasiti, nimekukosea nini?"

Bi Salha aliuliza hivyo kupitia upenyo wa mlango, kisha akaufunga. Bi Mwanasiti, jirani yake wa mlango kwa mlango, alibaki ameduwaa, mkoba wa safari mkononi. Alikuwa ametoka Tabora kumwangalia bintiye aliyejifungua. Mpangaji wa ghorofa ya juu ndiye aliyemnong'oneza: mume wa Salha alizikwa Ijumaa, na mwenyewe amekaa eda.

Kulipokucha Bi Mwanasiti alikwenda kazini, ofisi ya mtaa wa Kilwa Mpya. Karani-Sauti ilikuwa inachapa kazi. Mtambo huo, usiozidi msahafu kwa ukubwa, ulipokea simu thelathini kwa mpigo, ukapekua majalada na kutoa vibali, muda wote ukisema kwa sauti ya Bi Mwanasiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuazima sauti hiyo, apate kusafiri. Na haki yake usinyimwe: haukuchoka, haukudai chai, haukumwambia mtu njoo kesho.

"Nisikilizishe simu aliyopiga Bi Salha siku ya msiba," aliuambia.

"Hodi, shoga yangu," sauti ya Salha ilitetemeka. "Habari za tangu juzi? Watoto hawajambo?"

"Shida yako?" ilijibu sauti ya Mwanasiti.

"Bakari... Bakari amenitoka."

"Kibali cha mazishi kimetoka. Kuna lingine?"

Simu ikakatika.

Bi Mwanasiti alishika kichwa. "Inna lillahi! Hata pole?"

Injinia Kheri, kijana aliyeuunda mtambo, aliinamisha macho. "Salamu nilizitoa mimi, Bi. Zilikuwa zinakula nusu ya kila simu, na watu wanangoja. Lakini kibali kilifika hata maji ya kumwoshea hayajapata moto."

"Kwa hilo Mungu akulipe, mwanangu. Mume wangu mimi alilala mochwari akisubiri muhuri, nami nikizungushwa madirishani. Unajua nani alinishika mkono? Salha. Eda yangu yote alikuja kulala kwangu."

Kheri akachangamka. "Basi tunarekebisha leo leo! Tunaufundisha kusema pole. Mtambo utampigia sasa hivi kwa sauti yako hii hii, wala hatatambua."

Taa ya mtambo ikawaka kijani. Ukaanza kutafuta namba ya Bi Salha.

Bi Mwanasiti akanyoosha mkono, akaikata simu ile kabla haijaita. Akajitanda kanga yake vizuri, akatoka kwenda kugonga mlango wa Salha.