Pikipiki Kuukuu na Vema Kumi na Mbili

Kila asubuhi, Mama alimimina chai, Kasuku alipiga pasi sare yake ya shule kwenye kona ya meza, na Baba alianza habari za pikipiki.

"Ina masanduku mawili ya pembeni," alisema, kijiko kikiwa hewani. "Dawa zangu zote zitaenea. Na kile kioo cha mbele cha kukinga upepo!"

"Ulituambia jana," Mama akajibu. "Na juzi. Kunywa chai, inapoa."

Baba alikuwa daktari wa mifugo. Siku tatu kwa wiki alikwenda mashamba ya mbali kutibu ng'ombe, na pikipiki yake ndogo ilimuumiza mgongo. Mwalimu mmoja mstaafu, mtaa wa pili, alikuwa akiuza pikipiki kubwa ya safari ndefu, kuukuu, yenye umri mkubwa kumzidi Kasuku. Wiki tatu zilipita Baba hajakata shauri. Jumatatu alisema ataichukua. Jumanne akasema imechakaa mno. Jumatano akarudi kuitazama tena, eti alikuwa anapita tu.

Mama alikuwa fundi cherehani, na subira yake ilikuwa imekwisha. "Baba Kasuku, nunua au acha!" alifoka siku moja akiwa na pini mdomoni. "Nimeshona mkono wa gauni mahali pa shingo kwa sababu ya hiyo pikipiki yako!"

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa fundi pikipiki. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya mambo kumi na mawili ya kukagua.

"Kaka, anza na hili," alisema. "Gusa injini kabla haijawashwa. Lazima iwe baridi. Injini mbovu ikishapata moto huwaka kama mpya, hutajua kitu. Mimi Jumamosi nina kazi mpaka saa tisa, kwa hiyo kagueni wenyewe."

Jumamosi asubuhi Baba alimkabidhi Kasuku orodha na kalamu. "Wewe una macho makali. Mimi nikiiona pikipiki ile nakuwa kipofu."

Kasuku alichuchumaa uani kwa Mwalimu huku Baba na Mwalimu wakicheka na kusimuliana safari. Aligusa injini. Ilikuwa na joto, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Akaitazama orodha, akashusha pumzi. Akisema ina moto, Baba ataanza upya: ninunue, nisinunue, ninunue. Wiki tatu nyingine! Isitoshe, wenzake walikuwa wakimsubiri uwanjani kwa mchezo wa wavu. Tena alikwisha kujiona amekaa nyuma ya Baba, wanaingia lango la shule, kila mtu amekodoa macho.

Akatia alama ya vema. Kisha akazitia na zile nyingine kumi na moja, bila kuinama tena.

"Yote?" Baba aliuliza.

"Yote, Baba."

Baba aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi kama kijana. "Mama Kasuku, nimeamua! Jumatatu naichukua, Jumanne nateremka nayo bondeni."

Mama aliweka mkasi chini. "Hatimaye! Kama Kasuku amekagua, mimi sina wasiwasi."

Kasuku aliijua barabara ya bondeni. Ilikuwa mteremko mrefu wenye kona kali. Jambo la tano kwenye orodha lilikuwa breki. Hata kuzitazama hakuzitazama.

Hakwenda uwanjani. Wakati wa chakula cha mchana alikaa kimya, yeye aliyeitwa Kasuku kwa sababu ya kusema bila kituo. Mama alimgusa paji la uso. "Unaumwa?"

"Nimedanganya," Kasuku akasema, machozi yakimlengalenga. "Injini ilikuwa na moto. Na vile vingine sikuvitazama."

Baba aliacha kula. "Mwanangu! Wiki tatu nimehangaika niamue, naamua, kumbe nimeamua kwa orodha ya uongo?"

"Nilichoka kukusikia ukiamua, Baba. Nisamehe."

"Hilo la kuchoka hakusema uongo," alisema Mama. Lakini alimtazama Kasuku kwa macho makali. "Hata hivyo, umekosea sana."

Saa tisa, Shangazi alipomaliza kazi, wote wanne walikuwa uani kwa Mwalimu. Sasa injini ilikuwa imepoa. Shangazi alijaribu kuiwasha mara moja, mara ya pili, mara ya sita. Ilipowaka ilikohoa, ikagonga ndani kama mtu anayebomoa ukuta, na moshi wa buluu ukajaa ua mzima. Kasuku, kwa mkono wake mwenyewe, alimulika breki ya nyuma kwa tochi. Ilikuwa imelika, chuma kinasaga chuma.

"Mwalimu," Shangazi alisema, "asubuhi uliipasha moto?"

Mwalimu alikuna kichwa. "Kwa nusu saa. Ikiwa baridi inasumbua kuwaka. Mngeniuliza ningesema."

"Tunakuuliza sasa!" Mama akasema.

Mwalimu aliketi kizingitini akaeleza kila ubovu, mpaka ule wa taa. Aliona haya, akaomba radhi, akakubali haitauzwa kwa mtu yeyote kabla haijatengenezwa.

Baba aliizunguka mara ya mwisho. "Sinunui," alisema.

"Una hakika?" Mama akauliza.

"Nina hakika."

"Kesho usianze tena!"

Shangazi aliahidi kuifungia pikipiki ndogo ya Baba springi mpya na kiti kinene. Kisha akamgeukia Kasuku, akamrudishia orodha yake.

"Mwenzako anapokukabidhi kazi ya kukagua, ameazima macho yako," alimwambia. "Ukitia vema mahali ambapo hujatazama, umemfumba macho na kumwacha aendelee kuendesha. Kuchoka si kosa. Ungesema umechoka, mtu mwingine angetazama. Leo umesema kweli mapema, ndiyo maana baba yako Jumanne atakwenda bondeni na kurudi."