Dirisha la Siri

"Mgeni ameonekana. Mtoe sasa hivi."

Mzee Yeremia, mkuu wa ofisi ya ulinzi wa mashahidi, akakata simu. Sabina akageuza pikipiki yake ya Boxer kuelekea Igoma, roho mkononi. Mgeni alikuwa Teodora, shahidi pekee aliyemwona shemeji yake, Malimi, akimpiga risasi ofisa wa uvuvi aliyekamata magendo yake ya mabondo, vibofu vya sangara. Kesi ilikuwa kesho, na Malimi alikuwa nje kwa dhamana. Teodora akifa leo, kesi nayo inazikwa.

Ameonekanaje? Simu yake ofisi ilishaichukua.

Alimkuta Teodora jikoni kwenye nyumba alikofichwa, amempakata mtoto anayehema kwa shida. Teodora akakiri huku analia. Mtoto alibanwa na pumu, naye akaazima simu ya mwenye nyumba, Getruda, akatafuta duka la dawa Igoma. Kisha akatafuta habari za kesi yake.

"Lakini nilifungua lile dirisha la siri la kivinjari, dada. Linasema halitunzi kitu."

"Halitunzi kwenye simu tu," Sabina alisema.

Kivinjari chenyewe kiliitwa Upepo. Getruda alirushiwa na mwenzake wa kwaya baada ya mazoezi, maana hurushiana kila kitu ili kuokoa bando. Kwaya nzima ilikuwa nacho, na nusu ya Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Kwa mujibu wa mdokezi wa ofisi, Malimi ndiye aliyekigawa, na kila kilichoandikwa ndani yake kilimfikia kwenye mitambo yake Igogo. Rahisi ghali, na bure ndiyo ghali zaidi.

Sabina akawapakia mama na mtoto kwenye gari la ofisi, Noah, lililomfuata nyuma. Simu ya Getruda akabaki nayo. Akafungua dirisha la siri, akaandika: boti ya Ukerewe mchana huu inaondokea wapi Kirumba.

Watu huwadanganya wenzao, hata padri humdanganya. Lakini nani anadanganya akiwa peke yake na simu? Malimi angeamini.

Mwaloni palinuka dagaa. Sabina alijitanda kitenge cha Teodora, akakaa juu ya ndoo na kuupa umati mgongo. Mkono ulikuwa kikapuni, juu ya bastola yake ya Glock.

Kitu kigumu kikamgusa mbavuni.

"Twende nyumbani, shemeji," Malimi alinong'ona. "Taratibu."

Kiwiko cha Sabina kilitangulia. Bastola ya Malimi ikaangukia kwenye dagaa. Malimi alipoinua macho aliona uso asioujua, na Glock chini ya kidevu chake.

"Shemeji yako yuko salama."

Vijana wa ofisi waliojibanza kati ya wachuuzi wakamfunga pingu.

Igogo, kwenye chumba cha nyuma cha Malimi, mashine zilikuwa zinavuma. Kwenye skrini maneno ya watumiaji wa Upepo yaliendelea kuingia. Dalili za mimba changa. Mume ananipiga niende wapi. Na ya Teodora yalikuwemo, mpaka jina la dawa. Sabina aliwaonea watu wale huruma.

Simu ikaita.

"Hiyo mitambo usiizime," Mzee Yeremia alisema. "Inaweza kutufaa."

Sabina alitazama skrini kidogo. Akang'oa nyaya, akachomoa diski, akaziponda kwa kitako cha bastola, moja baada ya nyingine.

"Umeme umekatika, mzee."

Kwa jirani mashine ya umeme ya kusaga ilikuwa inanguruma, na bila shaka Mzee Yeremia aliisikia simuni.

Sabina akakata simu, akavaa helmeti, akatoka.