Sketi ya Adhis

Kasyoka alikuwa akitia cherehani mafuta asubuhi, kama kawaida, mtu asiyemjua alipojitokeza mlangoni. Alikuwa mwanamume mrefu, viatu vimejaa vumbi. Nyuma yake alijificha msichana wa miaka kumi na miwili hivi, amevaa sweta ya mtu mzima.

Siku zile wageni hawakufika ovyo Kongo, sehemu yao ya mtaa wa Kawangware, Nairobi. Tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe na ghasia kuzuka, watu walitazamana kwanza ndipo wakasalimiana. Mzee Makau, mwenye karakana, aliweka pasi ya makaa chini.

"Habari zenu. Mimi ni Okeyo, kutoka Lindi kule Kibera," mgeni alisema. "Huyu ni binti yangu, Adhis. Nyumba yetu iliungua, sare yake, sketi ya kijani, ikaungua nayo. Mafundi wa kwetu wamefunga, na shule inafunguliwa Jumatatu."

"Pole sana, Baba Adhis. Karibuni," Mzee Makau akasema. "Kasyoka, mpime."

Kasyoka alikuwa ametoka chuo cha ushonaji mwishoni mwa mwaka, na bado alishika futi kama mtu aliye kwenye mtihani. Adhis alisimama wima kama mlingoti.

"Mama husema mafundi ni waongo wakubwa," msichana alimnong'oneza. "Kila siku, njoo kesho, njoo kesho."

"We Adhis!" babake akamkaripia.

Kasyoka akacheka. "Si mimi. Jumapili mkitoka kanisani, sketi iko tayari. Na usihangaike kurudi huku, Baba Adhis. Nitaileta mwenyewe."

"Kweli?" Adhis aliuliza.

"Kabisa!"

Walipoondoka, Mzee Makau alimtazama juu ya miwani yake. "Kitambaa cha kijani unacho?"

"Kitapatikana, Mzee."

Hakikupatikana. Siku mbili zilizofuata Kasyoka alizunguka Kawangware nzima. Maduka ya vitambaa yalikuwa yamefungwa, mengine yamepigiliwa mabati. Alirudi amechoka, lakini hakuwa na wasiwasi mwingi.

"Nitawaambia wangoje hadi wiki ijayo," alisema. "Hata chuoni, tukikosa vifaa, mwalimu alituongezea muda."

Mzee Makau hakukasirika. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Chuoni ukichelewa, alama zilizopungua zilikuwa zako, binti yangu. Hapa ukichelewa, Adhis ndiye anayebaki nyumbani wenzake wakienda shule. Hiyo ndiyo tofauti ya masomo na kazi. Na mimi sikukutuma uahidi."

Kasyoka alirudi chumbani kwake. Ukutani ilining'inia sketi yake ya chuo, ya kijani, yenye marinda mapana. Aliishona mwenyewe kwa mtihani wa mwisho, na wenzake wote walipanga kuvaa zao siku ya mahafali. Hata mamake kule Kitui alikuwa amewaambia majirani waje waione. Kasyoka alikaa kitandani akiitazama kwa muda mrefu. Kisha akaitoa kwenye msumari.

Jumamosi alianza kuifumua, rinda moja baada ya jingine. Uzi wa kwanza ulipokatika, macho yalimlowa. Mikunjo ya zamani aliipiga pasi kwa kitambaa chenye maji na siki mpaka ikapotea. Akaikata na kuishona upya kwa vipimo vya Adhis, na chini akaacha upindo mpana.

Mzee Makau aliitambua rangi ile. "Na mahafali?"

"Nitavaa nguo nyingine, Mzee."

Mzee alimwongezea makaa kwenye pasi.

Jumapili mchana Kasyoka alitembea hadi Kibera. Karibu na Lindi, vijana walikuwa wameziba njia kwa mawe.

"Sista, unaenda kwa nani?" mmoja aliuliza kwa ukali.

Kasyoka alifungua mfuko aliobeba. "Kwa Okeyo. Nampelekea mtoto wake sketi ya shule."

Kijana alichungulia mfukoni, akaona marinda yaliyokunjwa vizuri. Akasogea kando. "Pita, fundi."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

Adhis alikuwa ameketi mlangoni kwa jirani aliyewapa hifadhi. Alipomwona, aliruka. "Baba! Amekuja!"

Sketi ilimkaa sawasawa. Kasyoka alimwonyesha upindo. "Ukirefuka, niletee niufungue."

Okeyo alikipapasa kitambaa, akaona alama hafifu za mishono ya zamani. Akaelewa.

"Mwezi huu watu wakubwa wametuahidi mengi," alisema polepole. "Hiki ndicho kitu cha kwanza kilichofika. Umeona, Adhis? Ukimwahidi mtu kitu, mtu huyo hukaa mlangoni akikungoja. Usimwache pale."

Adhis alizunguka mara mbili, marinda yakafunguka kama mwavuli. "Baba, nipe simu," alisema. "Nataka kumwambia mama kule kijijini kwamba kuna fundi mmoja ambaye si mwongo."